Mtoto wa Kike Halali Nje

Mwanangu alitimiza miaka 9 mwezi Desemba, shule zimefungwa, tukiwa bado tunakaa Pasiansi, Mwanza. Miaka ya nyuma tulikuwa tunakata keki jioni, watoto wanalishana, mwenye siku yake anamwagiwa ndoo ya maji, kisha kila mtu kwao. Mwaka huo akaja na jipya: anataka wenzake walale. Aliona kwenye katuni watoto wamejipanga sakafuni na mito yao, wanacheka usiku kucha.

Baba yake akakata maneno. "Mtoto wa kike halali nje."

"Wetu halali nje, yupo nyumbani."

"Na hao wengine hawana baba?"

Hapo alinipata. Keki unaagiza, maputo unanunua, lakini ruhusa ya mama wa mtu inafuatwa kwa miguu. Jambo kama hilo halisemwi kwenye simu. Unabisha hodi, unamwamkia bibi, unakunywa chai, unaulizia waliolazwa na waliosafiri, ndipo unajikohoza.

Hakuna aliyeniuliza watoto watakula nini. Wote walitaka kujua nani analala pale nyumbani. Mama mmoja mpole, hata sauti yake huwa huisikii vizuri, alinitazama usoni akasema, "Shemeji yako yule, bado mnakaa naye?" Sikuudhika hata kidogo. Mimi mzazi asiyeuliza hivyo ndiye ananitia wasiwasi. Nikamwambia shemeji anahamia kwa rafiki yake Nyakato usiku huo, na baba watoto naye atalala kwa kaka yake Igoma. Mume wangu bado hakuwa na habari. Alipoambiwa, "Yaani nafukuzwa kwangu kwa ajili ya maputo?" Lakini alibeba mswaki wake akaenda.

Mama mwingine alinisindikiza mpaka getini, akaangalia nyuma, akaninong'oneza kwamba wake bado anakojoa kitandani. Aliona aibu utadhani ni yeye. Nikanunua nailoni pana dukani, nikaikata vipande, nikatandika chini ya shuka kwenye kila godoro, hata la mwanangu, ili asiwepo wa kunyooshewa kidole. Na saa sita za usiku niliwaamsha wote twende chooni, mstari mzima, wengine wamefumba macho.

Neti ndiyo ilinitoa jasho. Huku kwetu ziwani malaria si ya kufanyia mzaha, na neti ya kitanda haifuniki magodoro yaliyounganishwa sebuleni. Nilifunga neti mbili kubwa kwa kamba ya manila, kutoka nondo za dirisha hadi msumari wa saa ya ukutani, nikachomeka pindo chini ya magodoro pande zote. Wasichana walipoiona walipiga kelele za furaha, wakasema ni hema.

Chakula nilikuwa nimepanga sato wa kukaanga. Mama yangu mzazi akanikataza: watoto wengi, usiku, miba, unataka kwenda hospitali ya Bugando? Nikafuata minofu ya sangara Kirumba. Ni yeye pia aliyesema keki ikatwe kabla ya jua kuzama na taa ya kibarazani isiwashwe, maana vile vijidudu vya ziwani vikishaona mwanga vinakuja kama moshi, na vikitua kwenye krimu huvibandui.

Mama wa mwisho alikubali kwa sharti moja: na yeye anakuja. Alifika na khanga zake mbili na mto wake kwapani, akachagua kochi. Nilinuna kimoyomoyo. Usiku mvua ya radi ikapiga, umeme ukakatika, wawili wakaanza kulia wanataka kwao. Kabla sijapata tochi, yule mama alishainua pindo la neti akaingia katikati yao, anawasimulia hadithi ya fisi mlafi na sauti zote anaziigiza mwenyewe. Waliolia ndio waliotaka nyingine.

Asubuhi shemeji alirudi mapema akitegemea chai na chapati. Akakuta sufuria imekwanguliwa, na mgeni wangu wa kochi bado anakoroma ndani ya neti.