Siku Niliyotafuta Maneno Camp Toyoyo

Mkufunzi alinikabidhi kikaratasi chenye mstari mmoja tu: kiungo apokee mpira akiwa amebanwa kutoka nyuma. Nikacheka kimoyomoyo. Kati ya mada zote za kozi ile ya leseni ya ukocha ya CAF D, ya Shirikisho la Soka Afrika, niliangukiwa na kazi niliyoifanya tangu utotoni Mathare, kwenye ligi za MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare, ambako timu ikizoa taka mtaani hupewa pointi zinazoingia kwenye msimamo. (Kuna misimu ufagio ulitubeba kuliko mabao.) Jezi yangu ilikuwa namba sita, ya kiungo.

Ilikuwa 2018, uwanja wa Camp Toyoyo, mtaa wa Jericho, Nairobi, kwenye zile nyasi bandia zinazochoma nyayo jua likipanda. Wanawake tulikuwa wachache. Wanaume walitusalimu vizuri, kisha wakauliza tunasimamia nini kwenye timu zetu: maji, jezi au nauli? Kwa mazoea ya viwanja vyetu, mwanamke kwenye benchi ni mama timu. Anashika simu za wachezaji, ana dawa ya maumivu mkobani, anajua nani hajala. Timu nyingi zingevunjika bila yeye. Lakini huo si ukocha, na kazi hiyo walisukumiwa hata wanawake waliocheza mpira kumzidi kocha mwenyewe.

Kwenye mtihani wa vitendo, wanakozi wenzako ndio wachezaji wako. Nikapanga koni, nikagawa vizibao, nikapiga filimbi. Wapiga pasi pande mbili, kiungo katikati, mkabaji mgongoni kwake. Pokea, geuka, peleka upande wa pili. Kiungo wangu alikuwa mzee mmoja wa Kayole, kocha wa vijana, mwenye kitambi na ubishi. Kila mpira alinyang'anywa.

"Geuka haraka!"

"Nigeukie wapi, dada? Huyu yuko hapa mgongoni!"

Maneno yakaniishia. Miaka yote nilikuwa nikigeuka bila kujua ninageukaje. Hakuna aliyewahi kunieleza. Nilifunzwa na viatu vya wapinzani. Mkufunzi naye alikuwa anaandika, na mkufunzi akiandika huku wewe umenyamaza, hiyo si dalili njema.

Nikamwomba mzee anipishe, nikasimama mahali pake, nikaitisha pasi nijichunguze. Ya kwanza, nikahisi shingo inazunguka kabla mpira haujatoka mguuni mwa mpigaji. Ya pili, hivyo hivyo: bega la kushoto, bega la kulia, ndipo mpira.

"Mzee, wewe unatazama nyuma saa ngapi?"

"Mpira ukishafika."

"Umechelewa. Tazama ukiwa bado njiani. Ukimwona kushoto, pokea kwa mguu wa kulia, ulio mbali naye, mwili ukiwa nusu upande. Ukiona hayuko, geuka. Akiwa amekukaba kabisa, mrudishie aliyekupa, usijifanye shujaa."

Kisha nikabadilisha zoezi: mkabaji ainue vidole, kiungo ataje idadi kabla ya kugusa mpira. Mzee akaanza kubahatisha. "Tatu!" anapaza sauti, na mkabaji amekunja ngumi. Uwanja mzima ukacheka, naye pia. Baada ya pasi kadhaa akaacha ujanja, akatazama kweli, akageuka na kupiga pasi safi upande wa pili, halafu akakimbia mikono juu kana kwamba amefunga bao uwanja wa Kasarani.

Baadaye mkufunzi aliniuliza jambo moja tu: kwa nini niliingia uwanjani mwenyewe? Nikamjibu nilikuwa natafuta maneno. Akaandika tena. Leseni niliipata.

Kundi letu la WhatsApp halikuvunjika. Mwaka 2024, Jackline Juma alipokabidhiwa FC Talanta na kuwa mwanamke wa kwanza kuwa kocha mkuu wa klabu ya Ligi Kuu ya Kenya, kundi liliwaka moto usiku kucha. Mmoja akauliza: sasa huyu mama ataamrisha wanaume kwa nini?

Nilikuwa bado natafuta jibu la adabu mzee wa Kayole alipoandika: "Kwa filimbi."