Pini ya 8

Ni saa saba usiku. Vidole vinanuka risasi ya kulehemu iliyoyeyuka, na mezani pana kompyuta kongwe, Commodore 64, iliyovuliwa kasha, matumbo nje. Nilijiahidi kulala tangu saa nne. Lakini nikilala bila kuandika, kesho nitakuwa nimeshaanza kuipamba hadithi hii hadi nionekane fundi, na mimi si fundi. Mimi ni mtazamaji.

Kwa miaka sita nimetazama video za watu wanaofufua kompyuta kongwe. Nimezitazama hadi sauti zao zimekuwa kama za majirani: unamsikia mtu ng'ambo ya ukuta na unajua leo mambo yake yamenyooka au yamemwendea kombo. Clint Basinger wa LGR, anayeongea taratibu utadhani anamsimulia mtoto anayesinzia, huyo ni wa kupumzishia akili. David Murray wa The 8-Bit Guy ndiye aliyenifanya nielewe kwa nini michezo ya zamani ilikuwa na rangi chache namna ile. Adrian Black nampendea kitu kimoja, kwamba haoni haya. Ataituhumu chipu, ataing'oa, ataweka nyingine, kumbe masikini haikuwa na hatia, na yote hayo anakuonyesha. Halafu kuna CuriousMarc na wenzake, walioifufua kompyuta ya kuongozea vyombo vya Apollo vya kwenda mwezini, ile ambayo programu yake ilifumwa kwa waya kama mkeka. Hao nawatazama kama mtu anavyotazama ligi ambayo hatacheza kamwe.

Aliyeniponza ni Ben Eater.

Yeye hafufui, anajenga. Anachukua 6502, chipu iliyozaliwa mwaka 1975, iliyoendesha Apple II, na ambayo toleo lake jipya zaidi linatengenezwa mpaka leo. Anaichomeka kwenye ubao wa matundu. Hakuna kumbukumbu, hakuna skrini, hakuna kibodi. Kisha kwa rezista nane anazifunga njia zake nane za data ziseme 11101010 siku zote. Kwa heksadesimali, yaani namba za msingi wa 16, hiyo ni EA, na kwa lugha ya 6502, EA ni amri: usifanye lolote. Popote chipu itakapouliza, jibu ni hilo hilo. Usifanye lolote.

Anaianzisha upya, anaipigia saa polepole, mpigo kwa mpigo. Chipu inakwenda kwenye anwani FFFC na FFFD, yaani namba za vyumba vya kumbukumbu, kama ilivyozaliwa ifanye, kuuliza ianzie wapi. Inajibiwa EA, EA. Basi inakwenda EAEA. Inasoma amri, haifanyi lolote. Inasogea EAEB, haifanyi lolote. EAEC. Inatembea gizani namba hadi namba, wala hailalamiki.

Kipande hicho nilikitazama mara tatu usiku ule. Simu yangu inautambua uso wangu, lakini nikiulizwa inafanya nini ndani kwa ndani wakati inautambua, nitabaki kukodoa macho. Hii hapa nilijua kila hatua yake kabla haijaipiga. Kesho yake nikaanza kutafuta mashine.

Nilichagua Commodore 64 kwa sababu ubongo wake, 6510, ni ndugu wa tumbo moja na 6502. Ni mashine ya 1982, yenye kilobaiti 64 za kumbukumbu na mapigo karibu milioni moja kwa sekunde. Iliuzwa kwa maelezo kwamba “haijajaribiwa”, na kila mtazamaji wa video hizi anajua tafsiri yake: imejaribiwa, haiwaki.

Kasha lake limezeeka, lina umanjano kwenye kingo. Ninajua dawa. Plastiki nyingi za enzi ile zilichanganywa na kemikali zenye bromini ili zisishike moto upesi, na miaka ikipita plastiki hugeuka rangi. Ukiipaka haidrojeni peroksaidi na kuianika juani, inarudi kama ilivyokuwa, na ndiyo maana video hizo hutazamwa sana, kwani nani hapendi picha ya kabla na baada? Sasa ulizia baada ya miaka michache. Umanjano una tabia ya kurudi, na wengine walibaki na mabakamabaka ambayo hayakuwepo. Mimi yangu nimeiacha. Mzee wa miaka arobaini na kitu ana haki ya kuonekana hivyo.

Turudi mezani. Hatua ya kwanza niliifuata neno kwa neno: sikuthubutu kuchomeka adapta yake ya zamani. Onyo hilo nimelisikia mara zisizo na idadi. Kirekebisha volti kilichomo kikichoka, njia ya volti 5 inaweza kupanda, na wa kwanza kufa ni chipu za kumbukumbu. Nikanunua adapta mpya, nikaipima, nikawasha. Taa nyekundu ikawaka. Skrini nyeusi tii.

Na mimi nikafurahi! Hebu ona ugonjwa wa mtazamaji. Mashine imekufa mbele yangu, nami nasherehekea kwa sababu kipindi kimeanza. Skrini nyeusi ya Commodore 64 nimeitazama ikitibiwa mara ngapi? Washukiwa nawajua kwa majina: ile chipu ya PLA inayoamua nani aongee na nani anyamaze, au kumbukumbu, au adapta, ambayo tayari nimeiondoa kwenye kesi. Nikashika mita ya kupimia umeme kwa kujiamini kama daktari bingwa.

Kumbukumbu ya mashine hii ni chipu nane za aina ya 4164, kila moja ina pini, yaani miguu, 16. Zimegawana kazi kwa namna ninayoipenda sana: kila chipu inashika biti moja tu, sifuri au moja, kati ya biti nane za kila baiti. Ni kama watu wanane waliobeba mtumbwi begani. Akianguka mmoja, si kwamba mnapoteza sehemu moja ya nane ya safari. Mtumbwi wote unakwenda upande.

Nikaanza kupima umeme. Chipu ya jirani, ya kawaida, yenye pini 16 vilevile: waya mweusi kwenye pini ya 8, mwekundu kwenye pini ya 16, volti 5. Safi. Nikahamia kwenye chipu ya kumbukumbu, pini zile zile.

Hasi 5.

Nikapima tena. Hasi 5. Chipu ya pili, ya tatu, zote nane. Jasho likanitoka. Nikajiambia kuna mtu aliyewahi kuifungua mashine hii akafunga kitu kinyume. Nikafuata njia za shaba kwa tochi na kioo cha kukuzia. Nikaitoa adapta na kuipima upya, nikaipima tena. Nikachora mchoro wa bodi kwenye karatasi, nikauchora kinyume, nikautupa. Jioni mbili ziliishia hapo, na sehemu ya jioni ya tatu.

Jioni ya tatu nikakata tamaa na kufanya ninachokijua. Nikafungua video. Ilikuwa moja ambayo nimeshaitazama, naapa, si chini ya mara nne. Mtangazaji yuko katikati ya maneno mengine, ameinamia bodi, na bila hata kuinua kichwa anasema kwamba hizi 4164, tofauti na chipu za kawaida, zina volti 5 kwenye pini ya 8 na ardhi, yaani volti 0, kwenye pini ya 16. Sentensi moja. Hakuirudia, hakuiandika kwenye skrini, na nadhani hakuona kwamba kuna la kuandika, maana kwake ni kama kusema mlango unafungukia ndani.

Sentensi hiyo ilishapita masikioni mwangu mara nne na haikuacha hata alama. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, sawa, lakini mimi nilisikia! Tatizo ni kwamba nilisikia nikiwa nimejilaza kwenye kochi, mikono mitupu, wala sikuwa na swali lolote ambalo sentensi ile ingelijibu. Leo nilikuwa na swali, lina umri wa jioni tatu, na ilipofika nikaruka kutoka kwenye kiti kama niliyeitwa jina.

Umeme ulikuwa sawa siku zote. Mita ilikuwa inaniambia ukweli, mimi ndiye niliyeishika kinyume.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka, kisha polepole sana. Haraka: niliwasha mashine, nikahesabu hadi thelathini, nikagusa chipu nane moja moja kwa ncha ya kidole. Saba zilikuwa vuguvugu. Ya nane, iliyoandikwa U23 kwenye bodi, ilinifanya niseme neno ambalo sitaliandika. Kuna ujanja wa kupandisha chipu nzima mgongoni mwa mbovu ili imsaidie kuongea. Nilijaribu, haukufua dafu, na nilishaonywa kwamba iliyokufa kwa shoti huwaburuza hata wazima.

Polepole: kuing'oa. Hapa ndipo video zote huruka. Unamwona mtu anashika chuma cha kulehemu, muziki unapigwa sekunde tano, chipu iko kiganjani. Kwangu muziki huo ulichukua saa mbili na nusu. Nilifuata ushauri wa kuitoa chipu mhanga ili kuokoa bodi: unaikata miguu yote 16 kwa koleo, unaondoa kiwiliwili, kisha unatoa mguu mmoja mmoja kwa moto na kibano. Miguu kumi na minne ilitoka kwa adabu. Wa kumi na tano uligoma, nikaushikilia moto kwa hasira badala ya subira, ukatoka na kile kipete chembamba cha shaba kilichokuwa kimezunguka tundu. Kilikuwa kwenye kibano, kinang'aa, kidogo kuliko mbegu ya ufuta. Nilikitazama kwa muda mrefu.

Basi chini ya bodi sasa kuna kiraka: waya mwembamba wa kijani kutoka kwenye mguu wa soketi mpya hadi tundu la chipu ya jirani. Ni kibaya. Risasi imejikunja kama tope lililokauka. Ningekuwa na chaneli, kipande hicho ningekikata. Nasema kweli, ningekikata, na ndiyo maana Adrian Black namheshimu zaidi usiku huu kuliko jana.

Nikachomeka chipu mpya kwenye soketi, baada ya kuangalia mara tano upande wa ile alama ya ukucha inayoonyesha chipu inaelekea wapi. Nikawasha. Kwa sekunde mbili au tatu hapakuwa na kitu, na nilishaanza kuvuta pumzi ya kukata tamaa. Kisha samawati. Mpaka wa samawati hafifu, na maandishi yale ambayo nimeyaona kwenye skrini za watu wengine maelfu ya mara:

64K RAM SYSTEM 38911 BASIC BYTES FREE

READY.

Na kile kimraba cha kuonyesha mahali pa kuandika, kinapepesa.

Sikupiga picha. Nilikaa tu. Halafu nikataka kuandika programu, ile ya mistari miwili ambayo kila mtu huanza nayo, na nikagundua herufi R haifanyi kazi. Nabonyeza, kimya. Naifinya, kimya. Ni herufi moja tu katika kibodi nzima, nayo ndiyo iliyomo ndani ya PRINT, amri ya kuandika kwenye skrini, na ndiyo inayoanza RUN, amri ya kuendesha programu.

Kuifungua kibodi hii kunataka kutoa skrubu ndogo nyingi na kuyeyusha risasi kwenye nyaya mbili za SHIFT LOCK, na kwa mikono hii, saa hii, hapana. Itakuwa wiki ijayo, kwa pamba na spiriti. Lakini kuna kitu kilinijia kutoka kwenye video fulani, sikumbuki hata ipi, ya mtu fulani anayeandika haraka: BASIC hii, lugha ya programu iliyomo ndani ya mashine, inakubali alama ya kuuliza badala ya PRINT. Na programu si lazima uianzishe kwa RUN, unaweza kuitupia GOTO, amri ya kuruka hadi mstari fulani.

10 ? "HUJAMBO"

20 GOTO 10

Nikaandika GOTO 10, nikabonyeza RETURN. HUJAMBO ikamwagika kushuka skrini nzima, na iliendelea kumwagika nilipokuwa naandika haya, kwa sababu niliiacha dakika kumi nzima. Nimeisimamisha sasa hivi. Nikaandika LIST, amri ya kuonyesha programu, ili nihakikishe kwamba nilichokiandika ndicho kilichomo.

10 PRINT "HUJAMBO"

Imejiandikia R yenyewe.