Grafu iliyokatika kwenye 3

Kwa muda mrefu nilichora grafu kwa njia moja tu: jedwali la thamani, nukta, kisha mstari wa kuziunganisha. Nilipokutana na f(x) = (2x² − 8)/(x² − x − 6) nikafanya vivyo hivyo. Kwa x = 2 nikapata 0, kwa x = 4 nikapata 4. Kwa x = 3 kikokotoo kikagoma, nikairuka na kuunganisha nukta hizo mbili. Mstari ulipendeza, lakini haukuwa sahihi.

Kilichonifumbua macho ni kuisogelea hiyo 3 kidogo kidogo. Kwa 2.9 jibu ni −18; kwa 2.99 ni −198. Nikavuka upande wa pili: 3.1 ikatoa 22, na 3.01 ikatoa 202! Kumbe kushoto grafu inatumbukia chini bila kikomo, na kulia inashuka kutoka juu kabisa. Hiyo ndiyo asimtoti wima, yaani mstari wa wima x = 3 ambao grafu inausogelea bila kuugusa, na jedwali langu la namba nzima lisingeweza kunionyesha hata chembe yake.

Lakini kikokotoo kiligoma kwenye −2 pia, na huko majibu ya jirani yalitulia karibu na 1.6. Hapo nikajifunza kutafuta vigawo kabla ya jambo lolote: juu ni 2(x − 2)(x + 2), chini ni (x − 3)(x + 2). Kigawo (x + 2) kinafutika, kinabaki kitundu tu kwenye (−2, 1.6). Kigawo cha chini kisichofutika ndicho kinachozaa asimtoti wima.

Baada ya hapo mengine yalikuwa mepesi. Kiasi, yaani sehemu ya juu iliyobaki, kikiwa sifuri, x = 2: hapo grafu inakata mhimili wa x. Nikiweka x = 0, inakata mhimili wa y kwenye 4/3. Asimtoti mlalo, yaani mstari wa mlalo ambao grafu inausogelea x ikienda mbali, ni y = 2, kwa kuwa vipeo vikubwa vya juu na chini vinalingana, na 2x² ukigawa kwa x² unabaki na 2. Nilijaribu x = 1003, nikapata 2.002.

Nilidhani basi asimtoti yoyote haivukwi. Kisha nikachora x/(x² − 4): asimtoti yake mlalo ni y = 0, na grafu inapita katikati yake, kwenye (0, 0). Mlalo unaeleza mambo ya mbali tu. Wima ndio usiovukwa.