Uvundo wa asubuhi, shombo ya usiku

Aliyeanza kulalamika ni mwanangu. "Baba, gari linanuka soksi." Nikamwambia avue viatu, anuse vizuri. Kesho yake nikiwa peke yangu niliwasha kiyoyozi, na kweli: uvundo wa nguo iliyokunjwa kabla haijakauka. Baada ya dakika mbili tatu ukapotea, au labda ni pua iliyozoea.

Gari la umeme halina moshi wala harufu ya mafuta ya kufunika mengine, kwa hiyo kila harufu ni ngeni, na akili ya mtu hukimbilia betri. Yangu ilikimbilia huko huko. Kisha nikatundika manukato kwenye kioo. Uvundo haukuondoka, ulipata mwenzake tu, na wawili hao kwa pamoja ni kichefuchefu.

Nilipochoka niliacha kujiuliza harufu hii ni ya nini, nikaanza kujiuliza inakuja lini. Wiki nzima niliandika kwenye kijitabu. Asubuhi gari likiwa limelala: kali. Nikizima ubaridi na kuacha feni: hafifu. Nikivuta hewa ya nje au nikizungusha ya ndani: mamoja. Wakati wa kuchaji: hakuna kitu. Basi betri ikatoka kwenye washukiwa, ikabaki njia ya hewa.

Filta ya hewa ya ndani, kwenye gari langu, iko nyuma ya droo ya dashibodi. Niliichomoa ikiwa nyeusi tii, na majani makavu yamenasa kwenye mikunjo. Nikaweka mpya, nikiuangalia ule mshale wa ubavuni unaoonyesha hewa inakoelekea, nikajipongeza. Siku ya kumi soksi zikarudi.

Safari hii nilipiga magoti upande wa abiria nikabonyeza zulia kwa kiganja. Maji yakachomoza katikati ya vidole. Kiyoyozi kinapopoza hewa, unyevu hujikusanya kwenye evaporeta, yaani kile kipande cha ndani kinachopoza hewa, kama jasho juu ya glasi ya maji baridi, kisha hushuka kwa mpira mwembamba hadi chini ya gari. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba kile kidimbwi kidogo ninachokiacha kila ninapoegesha sijakiona siku nyingi. Mpira ulikuwa umeziba, na maji yalikuwa yanarudi ndani.

Nilikuwa nimeshanunua kopo la povu la kusafishia, nataka kulipulizia kwenye matundu. Fundi akanizuia. "Bosi, ngoja kwanza. Humo ndani kuna hita, na ya gari hili inatumia umeme wa betri kubwa, volti zaidi ya 300. Hapo hatupulizi kwa kubahatisha." Alikata umeme mkubwa kwa utaratibu wake, akazibua mpira, likatoka tope zito lenye harufu ile ile niliyokuwa nikiinusa kila asubuhi, ndipo povu likaingia kwa kipimo na kuachwa likauke. Zulia lilitolewa, sponji yake ikaanikwa siku mbili. Sponji hiyo ingebaki, tungekuwa tumefanya kazi bure. Siku hizi dakika chache kabla ya kufika nazima ubaridi na kuacha feni ipige, evaporeta ikauke.

Aliponikabidhi funguo aliniambia harufu ambayo nisithubutu kuichunguza: utamu mkali kama wa dawa ya kufutia rangi ya kucha, ukitokea chini ya gari, hasa ukiambatana na mvumo wa gesi au moshi. Hapo ni betri kubwa. Watu wote washuke, wakae mbali, zimamoto waitwe. Harufu ya yai bovu ni jambo jingine, mara nyingi ni ile betri ndogo ya volti 12, kama ni ya asidi, inayochajiwa kupita kiasi.

Miezi michache baadaye, usiku, gari likiwa kwenye plagi ya kawaida ya ukutani, nilipita karibu nikasikia shombo. Samaki hakuna. Kumbe baadhi ya plastiki za vifaa vya umeme zikichemka hutoa harufu kama hiyo. Sikuing'oa plagi ikiwa na mzigo. Nilisimamisha chaji kwenye gari kwanza, nikazima swichi kuu, nikasubiri ipoe. Pini moja ilikuwa imegeuka kahawia, na tundu lake la soketi limebabuka.

Gari halikuwa na kosa lolote. Fundi umeme alikuta skrubu ya waya imelegea nyuma ya soketi, na waya usioshikwa vizuri huzaa joto. Birika la umeme hutumia soketi dakika chache tu, hata halishtui. Gari hukaa hapo kwa muda wa saa kumi. Alinivutia waya mnene zaidi, laini ya peke yake yenye swichi yake ya kujikata, na soketi mpya ya kazi nzito. Pia nimeshusha mkondo kutoka ampea 10 hadi 8. Inaonekana kidogo, lakini joto hufuata mraba wa mkondo, kwa hiyo hupungua zaidi ya theluthi. Gari linachelewa kujaa, na mimi nimelala, sina haraka.

Bado kila usiku, nusu saa baada ya kuchomeka, natoka kugusa plagi kwa mgongo wa kiganja. Ikiwa vuguvugu tu, narudi kitandani.