Modeli Isiyochungulia Saketi

Hapa Dodoma, ambako mkulima wa zabibu hana maji ya kuchezea, mita ya maji ya pampu inastahili kupimwa kwa ukali kabla haijafungwa shambani. Tunayoitengeneza na wenzangu kwa ajili ya shamba moja la Hombolo inatumia chipu ya FPGA, ambayo saketi yake hupangwa na mtumiaji mwenyewe, yenye saa ya megahezi 27 (mipigo milioni 27 kwa sekunde), na saketi hiyo, iliyoandikwa kwa Verilog, lugha ya kueleza saketi, hupokea ishara kutoka kwenye swichi ya sumaku inayojifunga maji yanapopita. Kila inapojifunga, swichi hiyo hutetemeka kidogo. Kwa hiyo ishara huhesabiwa tu ikiwa imetulia kwa milisekunde 5, yaani mipigo 135,000 ya saa.

Ili kuikagua saketi hiyo, modeli ya programu inayoiga kazi yake nimeiandika kwa Python nikifuata maelezo ya mahitaji peke yake, bila kufungua faili la saketi. Wapo wanaoona huko ni kujitesa bure, lakini modeli iliyonakiliwa kutoka kwenye saketi hukubaliana nayo hata inapokosea, kama mwanafunzi anayesahihishiwa mtihani na yule aliyemwibia majibu. Benchi la majaribio, ambalo naliendesha kwa cocotb (zana ya kuandika majaribio kwa Python) na Icarus Verilog (programu ya kuiga saketi), hulisha saketi na modeli ishara zilezile, zikiwemo za kubahatisha, kisha hulinganisha hesabu. Namba inayoanzisha bahati nasibu huhifadhiwa kila mara, maana hitilafu usiyoweza kuirudia ni uvumi tu.

Panapohitaji macho zaidi ni kwenye muda. Kuiga mipigo 135,000 kwa kila ishara huchosha kompyuta, hivyo ni desturi kuipunguza hadi 10 wakati wa majaribio. Mwenzetu mmoja alikuwa amekipa kihesabio cha mipigo hiyo biti 17, na kwa mipigo 10 kila jaribio lilipita vizuri. Biti 17, hata hivyo, huishia 131,071 na kurudi sifuri. Kihesabio kisingefika 135,000 kamwe, na mita ingesoma sifuri huku pampu ikimwaga maji. Zinahitajika biti 18. Tangu hapo upana wa rejista, yaani idadi ya biti za kihesabio, hukokotolewa kwa $clog2, amri ya Verilog ya kupata idadi hiyo ya biti, kutokana na idadi ya mipigo yenyewe, na jaribio moja la muda kamili huendeshwa usiku, hata likichelewa.

Lipo jambo ambalo uigaji wa kawaida hauonyeshi kabisa: swichi haifuati saa ya chipu, na flipu-flopu (kijisehemu cha saketi kinachohifadhi biti moja) inayopokea badiliko karibu sana na mpigo inaweza kuyumba kabla ya kuamua kama ni 0 au 1. Flipu-flopu mbili zilizofuatana mlangoni, zinazopunguza hatari hiyo, tunazikagua kwa kusoma msimbo.