Subiri Nibadilishe Kanga

Juzi binti yangu aliweka kidole juu ya picha ambayo Dorothea Lange alimpiga mama mmoja kule California mwaka 1936, mkono shavuni, watoto wakiwa wamemwegemea mabegani, akaniuliza, "Baba, huyu mama anaitwa nani?" Nikamwambia ni Florence Owens Thompson, ila jina lake lilikuja kujulikana mwaka 1978, kwa kuwa mpiga picha, kwa maelezo yake mwenyewe, hakumuuliza.

"Kwa nini hakumuuliza?"

Nikasingizia kwamba chai inapoa.

Mwaka 2006, ule wa ukame, nilikuwa Bahi na kamera ya shirika, zimebaki kaya mbili tu, na dereva ameshaanza kupiga honi. Mama mmoja alikuwa akipepeta uwele mbele ya tembe yake, kiasi ambacho hakikufunika hata nusu ya ungo. Nilimwamkia "Mbukwenyi", akacheka matamshi yangu, akakubali kupigwa picha. "Ila subiri mwanangu, nibadilishe kanga." Alipoinama kuingia mlangoni, mtoto akiwa ameng'ang'ania upindo wa kanga iliyochanika mgongoni, mwanga wa jioni uliwaangukia wote wawili vizuri mno (wapiga picha wenzangu watanielewa, na hilo ndilo linalonitia aibu), nami nikabonyeza.

Alikawia. Alipotoka, kanga ilikuwa mpya, mikunjo ya sandukuni ikiwa bado imesimama, na miguu ya mtoto iking'aa kwa mafuta ya kupikia hadi magotini. Alisimama wima kama mtu wa picha ya pasipoti, akamshika mtoto bega, akaniambia sasa piga. Nikapiga moja, kwa adabu tu.

"Utaniletea?"

"Nitakuletea, mama."

Shirika lilichagua ile ya mlangoni, ikatoka kwenye kalenda. Ile ya pili niliisafisha kwa fedha yangu pale mjini, nikaitia kwenye bahasha, na bahasha hiyo imehama nami nyumba tatu, ingawa kutoka Dodoma hadi Bahi siku hizi ni lami tupu na safari haifiki saa mbili.

Usiku ule niliitoa. Maneno ya kanga yanasomeka vizuri: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Nyuma yake, kwa mwandiko wangu, pameandikwa: Bahi, mama na mtoto.