Spidi test inasema 20, watu wa Zoom wanasema nimeganda

Home wananiita bwana spidi test na sikatai. Nikifunga intaneti mpya lazima nipime kasi yake, asubuhi napima, jioni napima, nikiamka usiku kunywa maji napima tena, kwenye simu yangu skrinishoti za matokeo zimezidi picha za watoto. Sasa kwa kuwa kila wiki haipiti bila mtu kuniuliza "kaka nifunge ipi?" wacha niandike hapa mara moja, ili akija mwingine namtumia link naendelea na mambo yangu.

Nilianza na hotspoti ya simu kama watu wote. Hapo sina cha kusema, kama uko mwenyewe na kazi yako ni WhatsApp na kusoma habari inatosha, ila ukiwa na watoto na katuni za YouTube bando linayeyuka hata hujamaliza chai.

Nikanunua ruta ya laini, kile kiboksi cha wifi kinachotumia mtandao wa simu, ya 4G. Siku ya kwanza saa tano asubuhi ikanipa 38 Mbps, aisee nilitamba, nikamtumia hadi bosi. Saa mbili usiku ile ile ruta, pale pale mezani, ikanipa 3. Nikadhani mbovu, nikaizima nikaiwasha, wapi. Kumbe mnara wa hapa kwetu Kinyerezi mchana una watu wachache maana wengi wako mjini kazini, jioni wote wamerudi na wanauvuta kwa pamoja, na umeme ukikatika ndo kabisa, kila mwenye wifi ya ndani anahamia kwenye data ya simu na wewe unaumia nao. Kilichonisaidia kidogo ni kuitoa chumbani kuiweka dirishani upande unaotazama mnara, spidi ikapanda karibu mara mbili, bure, bila kumpigia mtu yeyote.

Ila kuna siku ilikuwa inasoma 20 na bado kwenye kikao cha Zoom naambiwa nimeganda. Hapo ndo nikaanza kuangalia ile namba ndogo ambayo wengi tunairuka, ping. Mbps inakwambia kwa sekunde moja unaweza kuvuta mzigo kiasi gani. Ping inakwambia ukituma kitu kinachukua muda gani kwenda na kurudi. Kwenye ruta yangu ping ilikuwa inacheza, saa nyingine milisekunde 40, saa nyingine 90, ghafla 400, na maongezi ya moja kwa moja hayavumilii hiyo kitu hata uwe na Mbps mia. Netflix haijali sana kwa sababu inavuta mbele na kuweka akiba, wenyewe wanasema 5 Mbps inatosha kwa Full HD na 15 kwa 4K. Kwahiyo mtu anayekwambia nyumba ya watu wanne lazima ifunge 100, muulize mnafanya nini humo ndani.

Halafu hili nalo limechosha watu: "nimelipia 20 ila nikidownload naona 2.5, jamaa wameniibia." Hujaibiwa mkuu. Kifurushi kinahesabiwa kwa megabiti na kompyuta yako inakuonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Gawanya. Faili la GB moja kwa hiyo 20 linakula karibu dakika saba kama hakuna anayekuingilia.

Mwaka jana faiba, intaneti inayopita kwa mwanga ndani ya uzi wa kioo, ikafika mtaani, nikafunga. Jamaa wakavuta waya kutoka kwenye nguzo, wakachomelea kale kauzi ka kioo na mashine yao ndogo, wakaniachia kiboksi chenye taa. Jifunze taa moja tu, LOS, ikiwaka nyekundu ujue mwanga haufiki, usihangaike kurestati ruta, piga simu. Kwangu iliwaka siku lori la mchanga lilipopita na waya wetu, nikakaa siku nne, kila nikipiga naambiwa fundi yuko njiani. Siku nne! Ila ikiwa nzima ni raha tupu, ping ya kwenda seva za hapa Dar ni 6 mpaka 8, saa mbili usiku sawa na saa tano asubuhi, na kupandisha mafaili ni spidi ile ile ya kushusha, kitu ambacho 4G sijawahi kukiona.

Sasa cha ajabu, nikiwa na faiba bado chumbani naganda. Nilishaanza kuandika ujumbe wa matusi kwa kampuni, bahati nzuri nikachomeka kwanza waya wa LAN, ule wa kutoka kwenye ruta moja kwa moja, kwenye laptop. Ikatoa 20 safi. Tatizo lilikuwa langu, ruta ilikaa nyuma ya friji, na kati yake na chumbani kuna kuta mbili za tofali za block. Tena nilikuwa kwenye wifi ya mawimbi ya 5 GHz, ambayo ina kasi ila ukuta unaimaliza, wakati 2.4 inapenya ila mtaa mzima umejazana huko. Nikaihamishia koridoni juu ya mlango, basi. Na nikanunua kale ka-UPS, kabetri kadogo ka akiba ka volti 12, umeme ukikatika wifi haizimi.

Starlink, ile intaneti ya satelaiti, nimeikagua Kilifi kwa shemeji, Kenya iliingia 2023. Satelaiti zake ziko kama kilomita 550 tu juu, zile za intaneti ya satelaiti ya zamani ziko karibu 36,000, ndo maana ping yake inavumilika. Kwake shambani hakuna nguzo wala mnara wa maana, pale sina hata cha kubishana. Ila ule mnazi uliokuwa unaziba anga ilibidi dishi lihamishwe, na linakula wati 50 na zaidi muda wote, kwa anayetegemea sola apige hesabu.

Mimi nabaki na faiba, laini ya 4G naiweka akiba ya siku za lori.

Kitu kimoja tu kimenishinda. Mechi ya Simba na Yanga naiangalia kwa app, na jirani mwenye king'amuzi anashangilia goli wakati kwangu mpira bado uko katikati ya uwanja. Nilidhani faiba itamaliza hii aibu, kumbe app inakata video vipande vipande na kurundika kadhaa kabla ya kukuonyesha, spidi haihusiki. Siku hizi naweka na redio pembeni. Redio inamuwahi hata jirani, nashangilia mimi kwanza, yeye anachungulia dirishani.